Tonge la Bwana Shamba

Tulipohamishiwa kijijini, malori yalibeba watu, majembe, mikeka, vyungu na kuku waliofungwa miguu. Mbwa hawakupakiwa. Mgambo aliyesimama nyuma ya lori alisema gari ni la watu, na anayemtaka mbwa wake ashuke abaki naye. Hakuna aliyeshuka. Mimi sikuwa na mbwa. Mume wangu January alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, alipokanyaga bomu lililotegwa kule bonde la Ruvuma, na mbwa wetu alikuwa amemtangulia hatua mbili. Basi nilikaa juu ya mzigo wangu nikiwatazama mbwa wa wenzangu wakikimbia nyuma yetu kwenye vumbi, mmoja anachoka, mwingine anachoka, mpaka mikorosho ikawaficha wote.

Vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa havijaisha. Siku ile ile tuliyofika, ndege ya Wareno ilipita juu yetu, na kesho yake ikapita tena, ndipo amri ikatoka kwamba mtu asitoke kijijini. Siku ya tano balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Majaliwa, akaruhusu wajane peke yetu turudi mahameni, kwenye makazi tuliyoyaacha, kuchimba mihogo, maana sisi hatukuwa na mtu wa kutulisha. Nilikwenda na Bertila, ambaye mume wake alikuwa hai lakini yuko Tanga kwenye mkonge mwaka wa tisa, hana barua wala salamu. Majaliwa alimhesabu kuwa mjane, na Bertila hakubisha.

Kwenye hame la Ambrosi tulimkuta mbwa jike amefungwa kwa kamba ya katani kwenye mkorosho. Alikuwa ameguguna ganda la mti mpaka akafika kwenye mti mweupe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa tatu, nafikiri hiyo ndiyo iliyomwokoa. Shingo ilikuwa kidonda kitupu. Bertila aliikata kamba kwa panga la kuchimbia mihogo, na mbwa hakuondoka. Alilala pale pale akatutazama.

"Huyu ni Shauriyenu," Bertila alisema. "Mbwa wa Ambrosi."

Ambrosi alimpa mbwa wake jina hilo kuwasema ndugu zake waliomcheka alipooa mke asiye na shamba. Akimwita mbwa, ndugu wanasikia. Watu wa kwetu hufanya hivyo, na kule zamani nyumba zilikuwa zimeachana, hapakuwa na ubaya.

Nilimbeba yule mbwa kichwani ndani ya kapu la mihogo. Bertila akabeba mihogo yote, yake na yangu, akinilaumu njia nzima.

"Wilhelmina, watu watatuona tunarudi na mbwa badala ya chakula."

"Waone."

"Maji atakunywa ya nani?"

Hilo lilikuwa swali la kweli. Kwetu juu maji hakuna. Tulikuwa tunayafuata bondeni Kitangari, tunaondoka kabla jua halijachomoza, tunarudi nalo limekwisha kuwa kali, debe moja kichwani. Mwanamke akionekana anamnywesha mbwa maji ya debe, hapo watu wana haki ya kusema. Nilimpa maji niliyooshea vyombo. Alikunywa, akapona.

Yakaanza hivyo. Kila tukienda mahameni tulirudi na mwingine. Wengine walikuwa wamekwisha kuwa wakali, wanawinda mbuzi wa watu, hao hatukuwaweza. Wale waliokuja wenyewe tuliwachukua. Ursula, anayeongoza nyimbo kanisani, akaungana nasi kwa sababu alikuwa na uwanja wenye uzio. Tukagawana: watatu kwangu, wanne kwa Ursula, wanne kwa Bertila. Hakuna aliyetutuma wala aliyetulipa. Tuliwalisha ukoko na ugali wa makopa ya mihogo yaliyooza kidogo, tuliwatoa kupe, na mbwa akinenepa tulimtafutia mtu. Mashamba mapya ya kijiji yalikuwa mbali, kwenye mteremko wa kuelekea Ruvuma, na nguruwe pori walikuwa wengi, kwa hiyo mtu akiwa na mbwa alikuwa na heri. Watu walituita mama mbwa. Watoto walipotupita walibweka. Ursula aliwabwekea na yeye.

Tulikuwa na utaratibu mmoja, nao ulikuwa wa wazee wetu, hatukuubuni sisi. Anayechukua mbwa huweka tonge la ugali kwapani mpaka lipate jasho lake, kisha humlisha kwa mkono wake, asubuhi tatu mfululizo. Baada ya hapo mbwa ni wake. Hata aliyemzaa na kumlea nyumbani kwake hawezi kumdai tena, na akimdai, watu watamshangaa kama anayedai mke aliyekwisha kuolewa kwingine. Mzee Majaliwa ni Mwislamu, mbwa hamgusi, lakini shamba lake lilikuwa linaliwa na nguruwe. Alifunga tonge lake kwenye jani la mgomba, akaliweka kwapani, akamtupia mbwa kwa mbali, kisha akaenda kuoga. Asubuhi tatu. Tulimhesabia.

Shauriyenu sikumtoa, kidonda kilikuwa hakijapona. Ambrosi mwenyewe alikuwa amepelekwa Masasi kwenye mafunzo ya mgambo, miezi miwili. Mkewe Scholastika alikuja kumwona mbwa karibu kila jioni. Scholastika mimi ndiye niliyemsimamia kipaimara, kule Lukuledi nilikozaliwa na kusoma madarasa yangu manne. Alikuwa mtu wa kucheka kwa mkono mdomoni, maana jino la mbele lilikuwa limevunjika.

"Mama, mume wangu alimfunga ili asilifuate gari akapotea," aliniambia. "Alisema kesho yake angerudi kwa miguu kumchukua. Ndege ndizo zilizotuzuia."

Nilimjibu, "Mbwa hajui habari za ndege."

Naandika jibu hilo kama nilivyolisema. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa waliozuiwa. Nilijua siku zile hata mtu wa kwenda kuchimba dawa alirudishwa. Lakini nilikuwa nimekiona kidonda cha shingo, na nilipenda kuwa mtu aliyekiona.

Mwezi uliofuata katibu wa kijiji akasimama mkutanoni akasoma tangazo. Mbwa waliobaki mahameni wanaua mbuzi. Bwana nyama, yule wa idara ya wanyamapori, atakuja na bunduki, na mbwa yeyote ambaye hana mwenyewe kwenye orodha ya kijiji atapigwa risasi. Bertila aliuliza, "Na walio kwetu?" Katibu akamwambia, "Kila kaya mbwa mmoja. Nyinyi ni kaya tatu." Wakati ule tulikuwa nao kumi na mmoja. Mtu anayejua hesabu ya darasa la kwanza aliweza kuona nane wanakufa.

Tulianza novena, sala ya siku tisa. Siku ya sita akaja Bwana Shamba.

Jina lake Arthur, mtu wa bara, kijana mwenye mshahara na baiskeli, aliyeletwa kutufundisha kupanda mikorosho kwa mistari. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kukaa peke yake jioni akisikiliza redio yake, na wezi walikuwa wamemwibia mbolea ghalani. Alimwona Shauriyenu uani kwangu, akachuchumaa akamtazama miguu na meno kama mtu anayenunua.

"Huyu ndiye ninayemtaka, mama."

"Wapo wengine, Bwana Shamba. Huyu bado anauguzwa."

"Huyu. Nami nitakuambia kitu. Bwana nyama tulisoma pamoja. Nikimwambia hawa kumi wengine ni mbwa wa mradi, wa kulinda mashamba ya ujamaa, ataandika hivyo hivyo. Atawaacha mpaka muwapatie watu."

Ursula alinitazama. Bertila alitazama chini. Nilifikiri kumi kwa mmoja, na mmoja mwenyewe hauawi, anakwenda kula vizuri kuliko sisi. Nikakubali. Sikumwita Scholastika kumuuliza.

Nilipomweleza Bwana Shamba habari ya tonge, alicheka mpaka akavua miwani.

"Mimi? Ugali kwapani? Mama Wilhelmina, mimi nimesoma chuo cha kilimo!"

"Ni asubuhi tatu tu, baba."

"Mbwa anafuata chakula. Nitampa chakula, atanifuata. Hayo mengine waachieni wazee."

Alisema atamchukua baada ya siku mbili, akirudi kutoka mkutanoni Newala. Akapanda baiskeli.

Kesho yake Ambrosi akarudi kutoka Masasi. Hakupitia hata kwao kuweka mzigo. Alikuja kwangu na sare ya mgambo ina vumbi la njia nzima, na mkononi ana mfupa wa ng'ombe amefunga kwenye gazeti. Nilikuwa napepeta makopa na Bertila.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mama Bertila."

Tukaitikia. Nyuma ya nyumba mbwa alisikia sauti. Hakubweka, alilia, ile sauti nyembamba, na kamba ikawa inagonga nguzo.

"Nimekuja kumchukua," Ambrosi alisema. "Mke wangu alinipokea njiani, kaniambia yote. Mungu akulipe, mama. Nguruwe wamemaliza mihogo yetu ya chini, na sasa nimepangiwa lindo mpakani siku nne kila wiki. Scholastika atakuwa peke yake kwenye dungu. Bila mbwa haiwezekani."

Dungu ni kile kibanda cha juu ya miti ambacho mtu hulala kulinda shamba. Wote tulikuwa nayo mwaka ule, kwa sababu mashamba yalikuwa mbali na nyumba.

Ningeweza kumwambia kwamba Bwana Shamba anamtaka na kwa nini. Angekasirika, angekwenda kwa Majaliwa, labda wangekaa wakazungumza. Niliogopa mazungumzo hayo. Niliogopa Bwana Shamba akisikia kelele atajitoa, na bwana nyama alikuwa anakuja Alhamisi. Basi nikasema:

"Umechelewa, baba. Amekwisha kula tonge la mtu mwingine. Asubuhi tatu."

Ungo wa Bertila ulisimama.

Ambrosi aliuliza, "La nani?"

"La Bwana Shamba."

"Bwana Shamba aliweka ugali kwapani?" Alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Mimi ni mtu ambaye hupewa ufunguo wa kanisa. Hakuna aliyewahi kunisikia nikisema uongo, na mimi mwenyewe sikuwahi kujisikia.

"Aliweka," nikasema.

Mbwa alikuwa bado analia kule nyuma, naye Ambrosi hakwenda hata kuchungulia, kwa sababu si adabu kumwita mbwa aliyekwisha kulishwa na mwingine. Aliuweka ule mfupa juu ya kinu.

"Kama amekula, amekula," alisema. "Basi nipe mwingine, mama. Yeyote."

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Kwa Bertila kulikuwa na dume la njano, lenye afya, halina mtu. Lakini mtu akisema uongo mmoja hutafuta sababu ya kuwa na haki, na sababu yangu nilikuwa nayo tayari, nimeitunza miezi miwili.

"Nilimkuta amefungwa kwenye mti, Ambrosi. Siku tano. Hatumpi mbwa mtu aliyefunga mbwa akaondoka. Ukifunga mmoja utafunga wa pili."

Akasema, "Haya, mama," akaenda zake.

Bertila alisubiri mpaka alipovuka uwanja. "Dume la njano lipo."

"Nimesema."

"Wilhelmina, mimi mwenyewe ningempa."

"Ukimpa, utaratibu umekwisha. Kila mtu atafunga mbwa na kuja kuchukua mwingine."

"Utaratibu," Bertila alisema, akaendelea kupepeta, na makapi alinipepetea mimi usoni.

Bwana nyama alikuja Alhamisi. Alizunguka mahameni akapiga bunduki siku mbili, tulihesabu risasi ishirini na sita. Kwetu alifika na Bwana Shamba, wakanywa togwa, akaandika kumi wa mradi, akapita. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba lilifaa. Kama angewaua, ningeweza kusema nilidanganywa. Lakini Bwana Shamba alitimiza. Ndani ya mwezi mmoja tuliwapa watu saba, na wote saba walikwenda kwenye madungu ya mteremkoni. Hata lile dume la njano lilikwenda, kwa mtu wa shamba linalopakana na la Ambrosi.

Scholastika alikuja mara moja tu tena. Hakuomba kitu. Alikuja kuazima kinu. Akitwanga, aliniuliza kama ni kweli mbwa akishalishwa husahau kabisa. Nikamwambia husahau. Akasema, "Basi ni afadhali, asipate taabu." Alicheka kwa mkono mdomoni, akanirudishia kinu kimeoshwa, na maji yale yalikuwa ya debe lake mwenyewe.

Mwezi wa tano, mihogo ikiwa imekomaa, walikuja kuniita kanisani nikifagia. Simba alikuwa amepita mteremkoni. Alianza kwenye dungu la jirani, lile dume la njano likabweka, watu wakaamka wakapiga madebe na kuwasha moto, akaondoka. Akaenda kwenye dungu lisilo na mbwa. Ambrosi alikuwa lindoni. Walioamka walisikia, lakini walipofika na mienge ngazi ilikuwa imeanguka. Kilichopatikana kilizikwa siku ile ile kabla ya saa kumi, na sanduku lilikuwa jepesi. Wabebaji walilibeba wawili.

Sikuenda mbele kaburini. Nilisimama nyuma ya wanawake wote, na Ursula alipoanza wimbo sikuweza kuitikia. Watu walidhani ni uchungu wa kumpoteza binti wa kipaimara. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia nisikufuru, Mungu ametoa. Bertila alikuwa karibu, akasikia. Alinitazama, kisha akageuka akatazama kwingine, na mpaka leo hajawahi kumwambia mtu.

Siku ya tatu ya matanga nilikwenda nyumba ya serikali kwa Bwana Shamba.

"Mchukue," alisema kabla sijamaliza. "Nilitaka kukurudishia mwenyewe. Hali chakula mkononi mwangu. Kila nikimfungua anakwenda mpaka ile nyumba ya mgambo, mke alikuwa akimrudisha. Mara nne alimrudisha, marehemu. Alikuwa ananiambia, 'Mbwa wako huyu, Bwana Shamba, bado ana mchezo.'"

Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yake. Alifikiri ni jua, akaniletea maji ya kunywa kwenye glasi.

Scholastika alimkuta mbwa mlangoni mwake mara nne, na mara nne akamrudisha, kwa sababu mimi nilisema tonge limeliwa.

Nilimwongoza Shauriyenu kwa kitambaa changu cha kichwa. Matangani walikuwapo wazee, ndugu wa Ambrosi, mama yake Scholastika aliyetoka Lukuledi, na Majaliwa. Ambrosi alikuwa amekaa chini na kichwa kimenyolewa. Mbwa alinitoka mkononi, akaenda akalala mapajani mwake, akitetemeka mwili mzima. Ambrosi hakumgusa.

Sikutaka kuzungumza naye faraghani. Nilisema mbele ya wote, nimesimama, kwamba Bwana Shamba hakuweka tonge lolote, kwamba nilijua siku ile, na kwamba nilidanganya.

Ndugu mmoja akainuka. Majaliwa akamkalisha kwa mkono. Mama yake Scholastika alikuwa hasikii vizuri, akauliza, "Anasema nini?" Hakuna aliyemjibu, akauliza tena, ndipo mmoja akamwinamia sikioni. Akajifunika kanga uso mzima.

Ambrosi alisema, "Ungeniambia Bwana Shamba amempenda."

"Najua."

"Ningekwenda zangu. Mkubwa akipenda kitu anachukua, tumezoea, wametuchukulia hata nyumba. Ningekwenda kutafuta mbwa hata Kitangari, hata kwa kuiba. Lakini uliniambia ni mila, tena kwamba mimi si mtu wa kupewa mbwa. Nikamwambia mke wangu, mila hiyo, tusimguse. Alikuwa anakuja mlangoni, mama. Nikamwambia mrudishe."

"Nisamehe, Ambrosi."

"Nenda kwa Padri," alisema. "Mimi sijui kazi hiyo."

Nilikwenda kwa Padri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa malipizi ya mwaka mzima, nikayatimiza yote, hata yale ya kufunga chakula wakati wa njaa. Naamini alichofungua duniani kimefunguliwa mbinguni. Ufunguo wa kanisa niliurudisha mwenyewe.

Bertila na Ursula waliendelea na mbwa mpaka vita vilipokwisha. Mimi nilikuwa nawaletea maji, debe moja kila siku ya pili, naliweka nje ya uzio na kuondoka. Hawakunifukuza, wala hawakuniuliza tena nani apewe na nani asipewe.

Ambrosi hakuoa. Mbwa alikaa naye miaka sita, akazaa mara tatu, na watoto wake aliwagawa bila kumuuliza mtu swali. Tunakutana njiani, kisimani, Jumapili. Hajawahi kunipita kimya. "Shikamoo, mama," anasema, sauti ya kawaida, kama anavyomwamkia mwanamke yeyote mwenye umri wangu. Naitikia marahaba. Ananipisha njia, nami napita.